Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Manispaa Yetu: Acheni Kututoza Faini kwa Mboji, Tusaidieni Tuitumie

Mstahiki Meya,
Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa,
Waheshimiwa Madiwani,
Dar es Salaam.

YAH: FAINI KWA WANAOTENGENEZA MBOJI MAJUMBANI, NA OMBI LA MSAADA WA MANISPAA KWA BUSTANI ZA NYASI ZA MAKAZI

Poleni na majukumu. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi bustani. Kazi yangu ni kupanda na kutunza nyasi kwenye nyua za watu, zaidi ukoka na pemba. Naandika kwa niaba yangu na ya wakazi wa mtaa wetu waliosaini barua ya awali, ile iliyopita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikagongwa muhuri kwa mtendaji wa kata na kupokelewa masjala ya Manispaa. Haikujibiwa. Tulipofuatilia tuliambiwa jalada liko kwa watu wa mazingira. Watu wa mazingira wakasema liko afya, na afya wakaturudisha masjala. Sasa tunalisema hadharani, kwa heshima ile ile, ila kila mkazi asikie.

Kiini cha malalamiko ni hiki. Watu wa mtaa wetu wametozwa faini kwa sababu ya kuwa na rundo la mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa, nyuma ya nyumba. Afisa amekuja na mgambo, ameona majani yamerundikwa, ameandika kosa la kulimbikiza taka. Mzee mmoja mstaafu, ambaye rundo lake lilikuwa limefunikwa vizuri na halitoi harufu yoyote, aliamriwa alipakie lote kwenye viroba lipelekwe dampo. Mboji hiyo ilikuwa imeiva, nyeusi, ya kutandazwa kesho yake. Nyumba chache kutoka hapo majani ya mwembe yalikuwa yanachomwa na moshi unaingia madirishani mwa watu, na aliyeyachoma hakuulizwa neno.

Yafuatayo ndiyo yanayotuuma.

1. Tunaadhibiwa kwa kufanya kazi ambayo sheria imewapa ninyi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu na kuzipunguza. Mkazi anayegeuza maganda ya ndizi na majani ya uani kwake kuwa mbolea anapunguza taka kabla hazijafika barabarani, tena bila kuwagharimu hata lita moja ya dizeli. Tatizo ni kwamba sheria ndogo ya usafi, kama inavyotekelezwa kwetu, haimtenganishi mtu huyo na yule anayetupa taka kwenye mtaro usiku. Afisa anayepita hana mwongozo wa kumwambia rundo lipi ni mboji na lipi ni uchafu, kwa hiyo anaandika faini kwa yote mawili.

2. Taka zinazooza zinasafirishwa hadi Pugu kwa fedha zetu.

Zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni katika mji huu ni vitu vinavyooza: mabaki ya jikoni, mikungu ya ndizi, maganda ya machungwa, makumbi, nyasi zilizokatwa. Kila kaya inalipa ada ya taka ili vitu hivyo, ambavyo uzito wake mwingi ni maji, vipakiwe kwenye lori na kupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Vikifika huko vinafukiwa na taka nyingine, vinaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kupasha joto dunia inaishinda hewa ya ukaa zaidi ya mara 25 ukipima kwa kipindi cha miaka 100.

Wazee wa mji huu wanakumbuka tulikotoka. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kupinga dampo lililokuwa linawatesa kwa moshi na harufu, nayo ikawapa haki. Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na wakashinda. Ikaja zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa Pugu. Kila mara tumehamisha mahali pa kutupa, na kilichomo ndani ya lori kikabaki kile kile. Watu wa Pugu Kinyamwezi ni wakazi wa Dar es Salaam kama sisi, na majani ya mwembe wangu hayana sababu ya kuishia kwao.

3. Udongo wa bustani zetu unachimbwa kwa kuharibu sehemu nyingine.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya kila siku na nimeona mengi.

Sehemu kubwa ya viwanja vya makazi katika mji huu ni mchanga. Ujenzi ukianza, jambo la kwanza ni kukwangua udongo wa juu, ule wenye rangi na uhai, na kuutupa au kuuuza. Nyumba ikikamilika uwanja unabaki mchanga mtupu uliochanganyika na vipande vya tofali, kokoto na mabonge ya saruji. Mwenye nyumba ananiita nipande ukoka. Ukoka ukipandwa hapo unashika. Wiki za mwanzo unapendeza, kisha unaanza kuwa njano kwa sababu chini hakuna cha kula. Kwa hiyo tunaagiza kile tunachokiita udongo mweusi. Tipa la Fuso linakuja, linamwaga, tunatandaza, mteja anafurahi.

Udongo huo unachimbwa kwenye mabonde ya mito na kwenye mashamba ya pembezoni mwa mkoa. Unapotoka pale unaacha shimo, na masika ikifika kingo za mto zinaanguka. Mashamba yaliyokuwa yanatoa mihogo na mchicha yanabaki mapango. Pamoja na udongo inakuja ndago, gugu sugu. Kila fundi bustani anaijua adha yake: ikishaingia kwenye ukoka, ukipalilia unakata majani tu, vitunguu vyake vinabaki chini na vinachipua upya. Mteja analipia udongo, analipia tena palizi isiyoisha, na wengine mwishoni wanakata tamaa na kumwaga zege au kupanga pevingi uwanja mzima. Mvua ikinyesha maji yote yanatoka getini kwake yanakwenda kwa jirani wa bondeni.

Mboji inaondoa haja ya udongo huo. Uwanja mpya wa mita 10 kwa 10 unahitaji mboji ya kina cha sentimita 5, yaani mita 5 za ujazo, ikachanganywa na mchanga wa hapo hapo hadi kina cha sentimita 15 hivi. Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya masika unachekecha mboji na kuisambaza kwa reki juu ya nyasi, unene usiozidi sentimita moja. Kwa uwanja huo ni mita moja ya ujazo. Nyasi zikikatwa fupi fupi na kuachwa pale pale zinarudisha sehemu ya chakula chake. Mbolea ya dukani inapungua au haihitajiki kabisa. Wengi wetu tumezoea kumwaga urea, na kwenye mchanga wetu mvua moja kubwa inaishusha yote chini, kwenye maji ya visima ambavyo kaya nyingi zinavitegemea.

Shida ni kwamba mboji ya kutosha haipatikani. Kaya moja ina uwezo wa kutengeneza ya vyungu na ya kutandaza juu ya nyasi zake. Mita 5 za ujazo kwa uwanja mpya haiziwezi. Hapo ndipo tunapowahitaji ninyi, kwa sababu malighafi yote mnayo mikononi, mnaipakia kwenye malori kila asubuhi.

4. Maji.

Hakuna mkazi aliyesahau Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mji ukaingia kwenye mgao. Watu walinunua maji ya ndoo na nyasi zikafa. Mchanga haushiki maji. Unamwagilia asubuhi, mchana pamekauka. Ukiuchanganya na mboji maji yanakaa kwenye mizizi, na mimi nimeona kwa wateja wangu nyua mbili zilizopakana, moja ina mboji na nyingine haina, namna zinavyopishana rangi kila kiangazi kati ya masika na vuli. Sitetei mtu anayemwagilia bustani mchana wa jua kali kwa mpira wa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, wakati jirani hana maji ya kupikia. Natetea nyasi zinazoweza kuvumilia bila maji hayo.

5. Viroba.

Tunalazimishwa kufunga majani kwenye viroba vya plastiki ili mkandarasi ayachukue. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kutumia plastiki kubebea majani makavu kwenda kuyafukia hakuendani na kazi ile kubwa iliyofanyika.

Waheshimiwa, tunajua majibu yatakayotolewa, mengine tumeshayasikia kwa mdomo kwenye korido za ofisi.

Tutaambiwa mboji inaleta nzi, panya na kipindupindu. Hofu ya kipindupindu hatuidharau. Mji huu umezika watu kwa ugonjwa huo. Lakini rundo lililotunzwa lina kanuni zake. Haliwekwi nyama, samaki wala chakula kilichopikwa. Kila tabaka la mabaki mabichi linafunikwa kwa majani makavu, makavu yakiwa mara mbili au tatu ya mabichi. Linakuwa na ukubwa wa mita moja kila upande, linapinduliwa kila wiki, na unyevu wake ukiukamua mkononi unatoa tone moja au mawili tu. Likifika hapo linapanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, na likikaa na joto hilo kwa siku kadhaa, huku likipinduliwa ili pande zote zipate, mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa vinakufa. Kwa joto la mji wetu linaiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Asiyefuata kanuni hizo mtozeni faini, tutakuwa upande wenu. Tunachopinga ni kumtoza anayezifuata.

Tutaambiwa bajeti haipo. Kusimamisha faini hakuna gharama. Waraka mmoja kwa watendaji wa kata unatosha. Kwa yanayohitaji fedha, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wengi walioomba mikopo hiyo wamenunua bodaboda, na sasa barabarani hapana nafasi ya kupita. Kikundi kinachokusanya majani kwa guta, kinachotengeneza mboji na kuuza kwa mafundi bustani kina soko tayari. Mimi wa kwanza ningenunua.

Tutaambiwa kuna mkataba na mkandarasi wa taka. Mkandarasi analipwa na kaya. Akipunguziwa mzigo wa maji maji na majani, safari zake za Pugu zinapungua na dizeli yake inabaki. Kaeni naye mezani.

Tutaambiwa wananchi hawatatenganisha taka. Kata ya Bonyokwa, hapa hapa Dar es Salaam, wakazi wanatenganisha taka mlangoni kwao chini ya mradi wa shirika la Nipe Fagio, na zinazooza zinafanywa mboji. Wenzenu wa Kinondoni wana mtambo wa mboji Mabwepande, uliotokana na ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kwa ajili ya taka za masoko. Huko Surabaya, Indonesia, jiji la bandari lenye joto na unyevu kama kwetu, serikali ya jiji iligawa vikapu vya kutengenezea mboji jikoni, kwa utaalamu uliotoka Kitakyushu, Japani. Majirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2024, kila mamlaka ya mtaa inatakiwa kumpa mkazi njia ya kutenganisha mabaki ya chakula. Mkazi wa mtaa wetu hajawahi kupewa hata ndoo moja wala maelekezo, hivyo hakuna aliyempima akashindwa.

La mwisho, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, tutaambiwa bustani za nyasi ni anasa za wenye magari. Nimepanda ukoka kwenye viwanja vya shule za msingi ambako watoto walikuwa wanakaa kwenye vumbi. Nimepanda kwenye uwanja wa zahanati, msikitini, kanisani, na kwenye nyua za vyumba vya kupanga ambako wapangaji walichanga elfu tano tano ili mvua isiendelee kuchimba msingi wa nyumba. Nyasi zinashika mchanga usiingie mtaroni, zinapunguza vumbi, na mtoto anayetambaa ana mahali pa kutambaa. Na mboji ikizidi kwenye nyasi, wakulima wa mchicha wa mabondeni wataigombania.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja baada ya jingine.

(a) Faini zote kwa marundo ya mboji yanayofuata kanuni za usafi zisimamishwe mara moja, na watendaji wa kata na mitaa waandikiwe hivyo. Mzee wetu na wengine waliotozwa warudishiwe fedha zao.

(b) Sheria ndogo ya usafi irekebishwe, itamke mboji kwa jina lake, iweke masharti yake wazi (ukubwa, umbali kutoka kwa jirani na kisimani, vitu visivyoruhusiwa), kisha ipelekwe kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini. Na wakazi washirikishwe kabla haijapitishwa, ikibandikwa kwenye mbao za matangazo za mitaa yote.

(c) Siku moja kwa wiki iwe ya majani na nyasi peke yake, yakusanywe bila viroba vya plastiki.

(d) Itengwe sehemu katika soko mojawapo, au kwenye eneo la wazi ambalo bado halijavamiwa, pawe kituo cha mboji chenye mashine ya kukatakata matawi. Kiendeshwe na vikundi vya vijana na wanawake chini ya uangalizi wa afisa mazingira na afisa kilimo. Mboji itakayouzwa ifuate taratibu za Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania na ipimwe. Maabara za udongo zipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano, Tanga. Jambo hili nalisisitiza. Taka za masokoni zina vioo, betri na nailoni, na hatutaki kuuziwa takataka zilizosagwa kwa jina la mboji.

(e) Manispaa yenyewe iwe mnunuzi wa kwanza. Bustani za ofisi zenu, kingo za barabara, viwanja vya shule na zahanati vitumie mboji ya vikundi hivyo badala ya udongo mweusi wa mabondeni. Zabuni zenu za kupanda nyasi ziandikwe hivyo.

(f) Kibali cha ujenzi kiwe na sharti la kuhifadhi udongo wa juu. Mjenzi aurundike kando ya kiwanja na aurudishe kazi ikiisha. Hili halihitaji fedha ya Manispaa hata kidogo, na lingezuia nusu ya matatizo niliyoyaeleza.

(g) Maafisa ugani wapite mitaani kufundisha. Halmashauri ina maafisa kilimo wenye elimu nzuri, na mkazi wa mjini hajui kama nao ni wake.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka cha Baraza la Madiwani, na hoja hii iingizwe kwenye ajenda ya kikao hicho. Tukipewa nafasi tutakuja tumejiandaa: tutaleta sampuli za mboji yetu, picha za nyua tulizozitengeneza, nakala ya barua yetu yenye muhuri wa masjala na stakabadhi za faini. Afisa afya akitaka kulikagua rundo lolote la mtaa wetu, milango iko wazi, aje hata bila taarifa.

Vipengele (a) na (b) viko ndani ya uwezo wenu mwaka huu huu wa fedha. Kwa (c) hadi (g) tunaelewa vinahitaji mipango, na ndiyo maana tunaandika kabla halmashauri haijaanza kuandaa bajeti ya mwaka ujao, ili asiwepo wa kutuambia tumechelewa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi bustani na mkazi,
kwa niaba ya wakazi wa mtaa waliosaini barua ya awali.

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mtendaji wa Kata
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo
Mkuu wa Wilaya
Wakazi wote wa Manispaa